Sanduku la Muziki Lililonyamaza: Namna ya Kulichunguza Kabla ya Kulitengeneza

Sanduku la muziki la silinda ni kitu adimu Mwanza, na likipatikana aghalabu ni urithi: limekaa juu ya kabati la babu kwa miaka mingi, limefunikwa kitambaa cha kufuma, na hakuna anayekumbuka liliimba lini kwa mara ya mwisho. Mwenye nalo akitaka lifufuliwe hulipeleka kwa fundi saa, kwa kuwa ndani yake kuna springi na magurudumu ya meno, na hapo ndipo hatari inapoanza. Fundi saa mzuri anaijua springi na anayajua magurudumu, lakini sanduku la muziki lina kitu ambacho saa haina, yaani maelfu ya pini nyembamba zinazopita karibu kabisa na meno ya chuma kigumu yasiyokubali kupindwa. Kosa ambalo kwenye saa lingegharimu gurudumu moja, hapa linaweza kuiharibu ala nzima kwa sekunde chache. Kwa sababu hiyo makala haya yanahusu uchunguzi kuliko matengenezo. Ninaamini kwamba sehemu kubwa ya uharibifu unaoonekana kwenye masanduku haya haukuletwa na umri, bali na watu waliokuwa na nia njema na bisibisi mkononi.

Mtambo wenyewe hauna siri. Umefungwa juu ya bamba zito la shaba ya manjano au la chuma cha kusubu, na bamba hilo limekazwa kwa skrubu zinazopita kwenye kuta za sanduku, ili mtetemo wa chuma uingie kwenye mbao na sauti ipate ukubwa. Upande mmoja wa bamba kuna kikopo cha springi, upande wa pili kuna kidhibiti mwendo, na katikati imelala silinda ya shaba iliyopandwa pini za feleji. Mbele ya silinda kuna chanuo, ambalo ni kipande cha feleji kilichochanwa meno marefu na mafupi, kila jino na noti yake. Silinda inapozunguka, pini huinyanyua ncha ya jino, kisha huiachia, na jino hutetemeka. Anayeijua ilimba ya Wagogo ataelewa mara moja, kwa sababu ala zote mbili ni za ukoo mmoja: ulimi wa chuma ulioshikwa upande mmoja na kuachwa huru upande wa pili. Tofauti ni kwamba mpiga ilimba anaweza kuusogeza ulimi mbele au nyuma hadi noti ikae anavyotaka, ilhali jino la chanuo halisogei, na noti yake iliwekwa kwa tupa siku lilipotengenezwa.

Anayelitazama chanuo kwa mara ya kwanza hushangazwa na mambo mawili. La kwanza ni kwamba noti moja hurudiwa kwenye meno mawili, matatu au zaidi, hata ukadhani mtengenezaji alikosea hesabu. Hakukosea. Jino likishapigwa huendelea kutetemeka, na haliwezi kupigwa tena papo hapo bila kuzimwa kwanza. Kwa hiyo wimbo unaotaka noti ile ile mfululizo hupewa meno kadhaa yanayopokezana. La pili ni kwamba silinda moja hubeba nyimbo nyingi, mara nyingi sita au nane. Mzunguko mmoja, ambao kwa kawaida huchukua karibu dakika moja, ni wimbo mmoja. Pini za nyimbo zote zimepandwa bega kwa bega, na umbali kati ya mstari wa wimbo mmoja na mstari wa wimbo unaofuata ni kama nusu milimita au pungufu. Mzunguko unapoisha, gurudumu dogo lililokatwa ngazi huisogeza silinda kando kidogo tu, ncha za meno zikakutana na pini za wimbo mwingine. Silinda ina ukanda mwembamba usio na pini, unaokwenda urefu wake wote. Ni kwenye ukanda huo pekee silinda inapoweza kusogea kando bila pini kugonga meno, na ni hapo pekee sanduku linapopaswa kusimamishwa.

Wazo la kupata muziki kutoka kwenye meno ya feleji, bila kengele wala nyundo, liliwasilishwa Geneva mwaka 1796 na fundi saa Antoine Favre. Mwanzoni mitambo ilikuwa midogo, ikifichwa ndani ya saa za mfukoni na vijaluba vya ugoro. Katika karne ya 19 silinda zilikua na kazi ikaenea kutoka Geneva hadi milima ya Jura, hasa Sainte-Croix, ambako majina kama Paillard na Mermod Frères yalijulikana, huku Nicole Frères wakitamba Geneva. Mwishoni mwa miaka ya 1880 masanduku ya sahani za chuma kutoka Leipzig yalianza kuyapokonya soko, kwa kuwa mnunuzi aliweza kuongeza wimbo mpya kwa kununua sahani moja tu. Baadaye gramafoni ikayazima yote mawili. Kwa anayetaka kukisia umri wa sanduku lake, lile linalojazwa kwa ufunguo kwa kawaida ni la kabla ya miaka ya 1860 au karibu na hapo, na lenye mkono wa kuvuta ni la baadaye. Kuhusu safari yake hadi huku ziwani, tukumbuke kwamba reli ilifika Mwanza mwaka 1928. Kabla ya hapo mzigo wa ng'ambo uliweza kushushwa Mombasa, kupanda treni hadi Kisumu, ambako reli ilifika mwaka 1901, kisha kuvuka ziwa kwa meli. Sanduku lililokuja kwa njia hiyo lilitikiswa majini, relini na majini tena, na huenda baadhi ya meno yanayokosekana leo yalivunjika kabla mwenyewe hajasikia hata wimbo mmoja.

Sasa tuje kwenye nguvu, maana hapa ndipo penye uzito. Springi iliyojazwa ina nguvu ya kutosha kuizungusha silinda mara nyingi, na ingefanya hivyo kwa mkupuo mmoja kama isingezuiwa. Kinachoizuia ni kidhibiti mwendo: magurudumu machache yanayoongeza kasi kutoka moja hadi jingine, mpaka kufikia mhimili mwembamba wenye uzi wa skrubu, na juu ya mhimili huo kuna vibawa viwili vidogo ambavyo mafundi wetu huviita feni. Feni huzunguka kwa kasi kubwa, hewa huishika, na ukinzani huo mdogo wa hewa, ukipitia magurudumu yote, unatosha kuitawala springi. Juu kabisa, ncha ya mhimili huzungukia chini ya kijiwe cha yakuti. Kijiwe hicho kikipasuka, au uzi wa mhimili ukilika, au skrubu moja ikilegea, kizuizi kinaondoka.

Kinachotokea baada ya hapo nitakiita mfyatuko. Silinda iliyopaswa kutumia dakika nzima kumaliza mzunguko mmoja huzunguka mara nyingi ndani ya sekunde chache. Pini hazipati nafasi ya kuyanyanyua meno na kuyaachia, huyagonga. Pini hulala au kukatika, ncha za meno huruka, na pengine meno mazima hung'oka kwenye shina. Sauti yake ni ya kutisha, na aliyeisikia mara moja hahitaji kuonywa tena. Ndiyo maana sheria ya kwanza, ambayo sioni sababu yoyote ya kuilegeza, ni kwamba kidhibiti mwendo hakiguswi kwa bisibisi wala kibano maadamu kuna nguvu kwenye springi. Sanduku likiwa limekwama, kishawishi ni kuichokoa feni kwa ncha ya kitu ili liende. Wengi walioleta mfyatuko walianzia hapo. Ukilipeleka sanduku kwa fundi si utovu wa adabu kumwambia mapema, "Fundi, naomba hiyo feni usiiguse kwanza mpaka springi iishe nguvu." Fundi anayejua kazi yake hatakasirika.

Kuna jambo jingine linalowaponza hata waangalifu. Sanduku kuishiwa muziki si sawa na springi kuishiwa nguvu. Kwenye kikopo cha springi kuna kizuizi kidogo chenye umbo la msalaba wa Malta, ambacho kazi yake ni kuzuia springi isijazwe kupita kiasi na pia isilegee hadi mwisho, kwa sababu mizunguko ya mwisho ya springi ni dhaifu na ingeufanya wimbo uburute. Kwa hiyo sanduku lililosimama lenyewe bado lina nguvu iliyobaki ndani, na nguvu hiyo hutolewa kwa makusudi: mkono au ufunguo hushikwa imara, kizuizi hicho huondolewa, ndoana ya gurudumu la kujazia huinuliwa, na springi hulegezwa kidogo kidogo bila kuachiwa. Kikopo chenyewe kisifunguliwe nyumbani. Springi ya sanduku kubwa ikitoka kwa ghafla hukata vidole.

Uchunguzi, basi, huanza kwa kutojaza. Anayeletewa sanduku asilolijua huwa na hamu ya kusikia kwanza, na hamu hiyo inafaa kuzuiwa. Fungua kifuniko, ondoa kioo cha ndani kama kipo, na utazame kwa tochi na kioo cha kukuzia. Tazama chanuo kwa usawa wa macho, upande kwa upande: ncha zote zinapaswa kuwa kwenye mstari mmoja ulionyooka. Ncha kadhaa zikiwa zimeinuka kuliko nyingine, silinda imesimama katikati ya wimbo na meno hayo yameegeshwa juu ya pini. Sanduku la namna hiyo lisisafirishwe wala silinda yake isisogezwe kando, kwa kuwa kila jino lililoinuliwa liko tayari kuvunjika. Baada ya hapo hesabu meno yasiyokuwapo, na utofautishe jino lililokatika shinani na lile lililopoteza ncha tu, maana gharama za matengenezo yake hazifanani.

Kisha igeukie silinda. Imulike kutoka pembeni, mwanga ukipita juu yake, ili kila pini itoe kivuli chake. Pini za silinda nzima zinapaswa kuonekana zimesimama kwa mwelekeo mmoja, zote zikiwa na mwinamo mdogo ule ule, kwa sababu mwinamo huo uliwekwa na mtengenezaji ili kila noti iachiwe kwa wakati wake. Hapa wengi huharibu: wanaona pini zimeinama, wanachukua kibano na kuanza kuzinyoosha moja moja, na wanapomaliza muziki unakuwa kama kwaya isiyo na mwalimu. Pini zilizolala kwa mkanda, zote upande mmoja, ni alama ya mfyatuko wa zamani. Pini moja moja zilizopinda kando huonyesha kwamba silinda iliwahi kusogezwa ikiwa katikati ya wimbo. Tazama pia kama kuna mistari ya mikwaruzo kwenye shaba yenyewe, na kama skrubu za chanuo na za kidhibiti zina vichwa vilivyochanika. Skrubu zilizochanika zinakuambia kwamba hukuwa wa kwanza kufika.

Iwapo yote hayo yanaridhisha, yaani feni inazunguka huru, skrubu zimekaza, meno yako kwenye mstari, unaweza kujaza kidogo sana, robo ya kawaida, na kusikiliza. Sikio hapa linafanya kazi kubwa kuliko jicho. Mlio mkali wa kukwaruza kabla ya noti, kama wa kipanya, unatoka kwa kizimio kilichoharibika, yaani kile kiwaya cha kulinyamazisha jino. Nyimbo mbili zikisikika kwa pamoja, moja kwa nguvu na nyingine kwa chini, silinda haikusogea hadi mahali pake: pengine mafuta yaliyoganda kwenye mhimili wake yameizuia kuteleza, pengine kipini kinachogusa gurudumu la ngazi kimepinda, au mtu aliwahi kulifungua chanuo na kulirudisha likiwa limesogea. Mwendo ukianza vizuri na kupungua polepole, fikiria mafuta makavu kabla ya kuilaumu springi. Mwendo ukipungua na kuongezeka mahali pale pale katika kila mzunguko, kuna gurudumu lililopinda au jino la gurudumu lililolika. Sauti ya kutikisika ndani ya silinda ni habari nyingine kabisa, nayo nitaifikia.

Vizimio vinastahili maelezo, maana ndivyo vinavyotenganisha sanduku zuri na kelele. Jino la sauti ya chini likipigwa huendelea kutetemeka kwa muda. Pini inayofuata ikiligusa likiwa bado linatetemeka, chuma na chuma hugongana kwa kasi, na huo ndio mlio wa kipanya nilioutaja. Ili kuuzuia, chini ya ncha ya jino kumefungwa waya wa feleji mwembamba mno, uliokunjwa kwa umbo maalumu. Pini inayokuja huusukuma waya huo kwanza, waya hugusa jino na kulinyamazisha, ndipo pini inapolifikia jino lililotulia. Kwa meno ya sauti ya juu watengenezaji walitumia vipande vya unyoya wa kuku, na yale mafupi kabisa yaliachwa bila kizimio kwa kuwa mtetemo wake hufa wenyewe mara moja. Waya hizi ndizo za kwanza kuliwa na kutu. Kuweka mpya ni kazi ya mikono tulivu: waya hukatwa, huingizwa kwenye tundu dogo chini ya jino, hukazwa kwa kipini, halafu hukunjwa hadi mkunjo wake ufuate wa majirani zake. Fundi saa mwenye subira anaweza kujifunza kazi hiyo, ila aanze na jino moja, alisikilize, kabla ya kugusa la pili.

Chini ya meno marefu utaona pia vipande vya risasi vilivyolehemiwa. Ulimi wa chuma hutoa sauti ya chini ukiwa mrefu, au mwembamba, au mzito nchani. Urefu una kikomo ndani ya sanduku na wembamba hudhoofisha, hivyo watengenezaji waliongeza uzito. Risasi hii ina adui. Mbao hutoa mvuke wenye asidi kidogo, hasa sanduku linapofungwa kwa muda mrefu mahali penye unyevu, na risasi hugeuka taratibu kuwa unga mweupe. Unga huo huvimba, ukaligusa jino la jirani, na meno mawili yanapogusana yote mawili hukosa sauti. Unga wa risasi ni sumu. Usiupulize kwa mdomo, usiusugue mkavu, usifanye kazi hiyo penye watoto au chakula. Tumia kitambaa chenye unyevu kidogo, vaa glavu, nawa mikono kwa sabuni. Na usikwangue risasi nzima ukifikiri unasafisha, kwa maana kila chembe inayoondoka huipandisha noti ya jino hilo.

Kuhusu meno yaliyovunjika, Mwanza ina mafundi hodari wa kulehemu, na jina la mtaa wa Makoroboi lenyewe linakumbusha mikono iliyogeuza makopo kuwa taa. Hata hivyo chanuo si kopo. Meno yake yalipewa ugumu kwa moto na maji, kisha yakapunguzwa ukali kwa joto lililopimwa, na joto kubwa likirudi ugumu huo hupotea, jino likabaki chuma laini kisichoimba. Njia inayokubalika ni kukata mfereji mwembamba kwenye shina la chanuo, kuingiza kipande kipya cha feleji kilichokwisha kugumishwa, na kukishika kwa risasi laini ya mchanganyiko wa bati, ambayo aina yake inayoyeyuka mapema zaidi huyeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi. Kulehemu kwa gesi au kwa umeme hapa ni kuliua chanuo. Jino jipya likishakaa, noti yake hutafutwa kwa tupa: ukipunguza chuma karibu na shina, sauti hushuka, kwa sababu jino limelegea, ukipunguza karibu na ncha, sauti hupanda, kwa sababu limekuwa jepesi. Mfano wa kufuata upo kwenye chanuo lenyewe, kwa kuwa mara nyingi noti iliyopotea imerudiwa kwenye jino la pili.

Chanuo linapohitaji kutoka, springi iwe imelegezwa kabisa na silinda iwe kwenye ukanda usio na pini. Skrubu hulegezwa kwa zamu, kila moja kidogo, si moja hadi mwisho halafu nyingine, na kila moja huwekwa mahali palipoandikwa nambari yake, kwa kuwa skrubu za zamani hazikutengenezwa kwa kipimo kimoja. Chanuo huvutwa nyuma kwa unyofu, mbali na silinda, kisha huinuliwa. Sanduku likikwama likiwa limejaa nguvu, mafundi wazoefu hulitoa chanuo kwanza, ili hata mfyatuko ukitokea silinda izunguke bila kugusa kitu. Ni uamuzi wa dharura, nao si wa anayejaribu kwa mara ya kwanza.

Silinda kwa ndani si tupu. Watengenezaji waliimwagia mchanganyiko wa utomvu ukiwa wa moto na kuizungusha hadi ugande kwenye kuta, ukashika mizizi ya pini zote na kuzizuia zisitetemeke. Sauti ya kutikisika niliyoitaja ni ya mchanganyiko huo ukiwa umeachana na shaba. Sanduku bado linaweza kuimba, lakini pini zimekosa mshiko na muziki huwa mkavu. Hapa ndipo kazi inapovuka uwezo wa meza ya fundi saa. Kupandwa upya kwa silinda kunamaanisha kuondoa mchanganyiko wa zamani, kuziyeyusha pini zote kwa kemikali isiyogusa shaba, kuingiza maelfu ya pini mpya kwa mkono, kumwaga utomvu mpya, na kuzisawazisha pini kwenye mashine ya kukereza hadi zote ziwe na urefu mmoja. Kazi hiyo ina wataalamu wake huko Ulaya na Marekani, gharama yake inaweza kuizidi thamani ya sanduku, na sioni aibu kwa familia inayoamua kuacha silinda ilivyo na kulitunza sanduku kama lilivyofika.

Kwa usafi wa kawaida panahitajika vitu vichache. Vumbi hutolewa kwa brashi laini ya nywele, kavu. Wanaokaa karibu na ziwa wanajua namna wale wadudu wadogo wanavyokuja kwa mawingu usiku na kuufuata mwanga. Mabaki yao yakiingia kwenye feni au chini ya vizimio hutolewa kwa kibano, springi ikiwa imekwisha kulegezwa, si kwa kupuliza kwa mashine ya hewa ya gereji. Petroli na spiriti zisiguse silinda, kwa sababu zinaweza kupenya kwenye matundu ya pini na kuulainisha utomvu. Msasa usiguse chochote. Rangi ya bluu kwenye skrubu za zamani si rangi ya kupaka. Ni ngozi nyembamba ambayo feleji hujitengenezea inapopashwa moto hadi karibu nyuzi 300, na ikisuguliwa imekwenda. Mafuta ni tone moja kwenye kila ncha ya mhimili wa kidhibiti na kidogo kwenye uzi wake. Mafuta ya saa ndiyo yanayofaa. Yakikosekana, mafuta mepesi ya cherehani ni afadhali mno kuliko oili ya injini, na mafuta ya kula yasifikiriwe, maana hukauka yakawa gundi. Meno na vizimio havipakwi mafuta kamwe, kwa kuwa kizimio chenye mafuta hunata kwenye jino.

Mahali pa kuliweka sanduku pana uzito sawa na matengenezo. Nyumba zinazotazama ziwa, iwe Capri Point au Igogo, hupata hewa nzuri yenye unyevu, na miezi ya mvua unyevu huo hauondoki kirahisi. Chumba cha ndani, rafu isiyogusa ukuta wa nje, mbali na jua la dirishani na mbali na jiko, ndicho kinachofaa. Joto kali hulegeza gundi ya ngozi iliyoshika mbao na hata utomvu wa silinda. Vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu vinafaa kuwekwa kwenye kona ya sanduku, visiguse mtambo, na vibadilishwe vikishiba. Kifuniko kifunguliwe mara kwa mara siku za kiangazi ili mvuke wa mbao utoke. Kama sanduku lazima lisafiri kwa basi kwenda Dar es Salaam au kwa meli kwenda Bukoba, liachwe limalize wimbo hadi lisimame lenyewe, springi ilegezwe, karatasi laini iliyokunjwa iwekwe kuizuia feni, na libebwe mapajani kuliko kuingizwa kwenye buti.

Vipande vilivyovunjika visitupwe. Ncha ya jino, kipini, kipande cha waya wa kizimio, hata skrubu isiyojulikana ilikotoka, viwekwe ndani ya bahasha pamoja na karatasi inayoeleza vilipatikana sehemu gani ya mtambo, na bahasha hiyo ibandikwe ndani ya kifuniko. Jino lililovunjika humwonyesha fundi unene, upana na mteremko wa lile atakalotengeneza, na kama bado lina risasi yake, humwonyesha pia uzito wa kuanzia.